Ufunguo wa Pili

Injini ile ilikuwa safi kuliko sufuria za nyumbani kwa Sajini Nekoye. Alikuwa ameiinamia kwa nusu saa, tochi mdomoni na mikono mgongoni asije akaambiwa ameichafua, na bado hakuwa ameona hata tone la mafuta.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, jekundu, la spoti, MG ya mwaka 1966, viti viwili na paa la turubai. Ndani ya tumbo la gari hilo la enzi za babu palikuwa pamepachikwa injini ya Toyota ya juzijuzi. Mwenye gari, Mzee Griffins Ooko, mkandarasi wa barabara aliyestaafu, alisimama mlangoni mwa gereji yake hapo Milimani, mjini Kisumu, akinywa chai ambayo hakumkaribisha mtu. Alikuwa ameshaeleza mara mbili kwamba gari lile lilikuwa la Mzungu wa mashamba ya miwa, kwamba injini yake ya kwanza ilichoka hadi ikashindwa kupanda kilima cha Riat, na kwamba kesho asubuhi lori lingekuja kulibeba kwenda Nairobi kwenye maonyesho ya magari ya kale, ambako tayari kuna mtu anayelitaka. Mara ya tatu alimweleza Konstebo Khaemba, kana kwamba Nekoye hayupo.

"Mwambie madam wako hiyo si maiti ya kupasuliwa. Nimeongea na mkubwa wenu. Amewapa mpaka saa sita."

Ilikuwa saa tatu na robo.

Nekoye alitoa tochi mdomoni, akaifuta kwa kitambaa. Maiti hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni dereva wa teksi aliyepotea.

Bakari Sudi aliondoka soko la Kibuye miezi minane iliyopita, siku ya ishirini na moja ya Ramadhani, saa kumi na moja jioni, ndani ya Toyota Rush ya rangi ya fedha. Alikuwa amepigiwa simu akamchukue abiria Ahero, na alimwambia mkewe Khadijah kwamba atarudi kufuturu nyumbani. Simu yake ilizimika Ahero, kando ya mashamba ya mpunga. Traka ya gari, kile kidude kinachofungwa kwenye teksi ili ikiibwa ijulikane ilipo, ikanyamaza papo hapo. Wiki ile ile mvua ilifurisha bonde la Kano, maji yakalala juu ya mpunga siku tisa, na kila alama iliyokuwa chini ikaoshwa. Kisha mdogo wake Bakari, kijana aitwaye Usama, akaja kituoni na habari kwamba kuna mtu amemwona kaka yake Luanda Kotieno akipanda feri ya Mbita na mwanamke. Nekoye alishinda siku mbili kwenye feri ile akionyesha picha, akarudi na samaki tu. Kituoni waliandika kwamba mtu huyu ameitoroka familia yake, wakafunga jalada.

Nekoye hakulifunga. Kila mwisho wa mwezi aliomba orodha ya magari ya Kisumu yaliyobadilishwa injini, kwa maana mwenye gari akiweka injini nyingine lazima nambari yake iingie kwenye logibuku, ile hati ya umiliki, na isipoingia gari haliuziki. Kwa miezi minane wenye magari hayo walikuwa kumi na mmoja. Kumi walikuwa watu wa kawaida wenye magari ya kawaida. Wa kumi na moja alikuwa Mzee Ooko, na injini aliyoweka ilikuwa ya aina inayolala kwa urefu na kusukuma magurudumu ya nyuma, sawa na ile ya Rush. Magari mengi madogo ya siku hizi injini zake hulala kwa upana. Za urefu, tena ndogo kiasi cha kuingia ndani ya MG, Kisumu nzima unazihesabu kwa vidole.

Tatizo ni kwamba nambari haikuwa ya Bakari. Nambari iliyogongwa kwenye chuma ilifanana, tarakimu kwa tarakimu, na ile iliyo kwenye karatasi za Mzee Ooko, zilizosema kwamba hii ni injini ya kigari cha mizigo kilichopata ajali ng'ambo, ikakatwa, ikatiwa kwenye sanduku, ikashushwa Mombasa. Muhuri ulikuwepo. Sahihi ilikuwepo. Khaemba aliipaka nambari chaki, akaipuliza, akaisoma kwa sauti mara mbili, halafu akasema polepole, kama mtu anayetoa rambirambi, kwamba afande, hii si yetu.

Nekoye aliiacha nambari, akashika waya.

Nyaya za injini zilikuwa zimeviringishwa pamoja kwa tepu nyeusi, mpya, kazi ya fundi anayejipenda. Alizifuata kwa kidole kimoja kutoka ubavuni mwa injini hadi kwenye ukuta wa chuma unaoitenga na miguu ya dereva. Hapo, mahali ambapo mkono wa mtu mzima haufiki ila kwa kuchubuka, tepu ilibadilika rangi. Ilikuwa ya kijani. Aliibandua. Chini yake nyaya tatu zilikuwa zimekatwa na kufungwa ncha, kila moja peke yake.

"Khaemba. Wewe ulikuwa gereji huko Bungoma kabla ya kuvaa hizi nguo. Hapa palikuwa na nini?"

Khaemba aliingiza kichwa, akakawia humo. "Traka," alisema alipokitoa. "Hapa ndipo wanapoiunganisha. Wanapaficha hivi hivi, mwizi asipaone."

"Injini imekatwa ng'ambo, ikaja kwenye sanduku, ikaingia kwa fundi, ikaingia hapa. Traka ilifungiwa wapi? Melini?"

Mzee Ooko alicheka puani. Alisema waya ni waya, na kama serikali imeanza kukamata watu kwa sababu ya tepu basi ianze na wenye maduka. Nekoye alimwomba amwite fundi wake.

Fundi Obonyo alifika saa nne kasorobo kwa pikipiki. Alikuwa mtu wa miaka sitini, mfupi, mwenye vidole viwili visivyo na ncha. Kule Kibuye alikokuwa na gereji yake walimwita Profesa, na jina hilo alilivaa kama kofia. Alimwamkia Mzee Ooko kwa Dholuo, salamu ndefu yenye heshima zote. Khaemba alitikisiwa kichwa. Nekoye aliulizwa kama mume wake anajua kwamba anashinda amelala chini ya magari ya watu.

"Hizi nyaya ulitoa wapi, Bwana Obonyo?"

"Kibuye, kwa vyuma chakavu. Zile za ng'ambo zilikuja zimekatwa."

"Na traka iliyokuwa hapa?"

"Traka ya nani? Mimi nanunua waya kwa kilo, madam. Sinunui na historia yake."

Mzee Ooko alicheka. Obonyo alipoona amechekesha, akaegemea gari.

"Na kompyuta ya injini? Nayo ni ya vyuma chakavu?"

"Aa, hiyo huwezi kuokota. Injini na kompyuta ni bwana na bibi. Zilikuja pamoja, sanduku moja."

"Sanduku la Mombasa."

"La Mombasa."

"Una hakika?"

"Kama vile nakuona hapo umejaa vumbi."

Nekoye alimwambia Khaemba ayaandike maneno hayo jinsi yalivyotamkwa, kwamba kompyuta ilikuja na injini kwenye sanduku la Mombasa, kisha Obonyo atie sahihi. Obonyo alitia sahihi kwa mbwembwe, akapigia mstari jina lake mara mbili.

"Sasa nionyeshe ufunguo."

"Ya gari? Mzee anayo."

"Wa injini."

Obonyo alimtazama Mzee Ooko kwa masikitiko ya kuigiza. "Injini haina ufunguo, nyathina, mwanangu. Gari ndiyo iko na ufunguo. Hawakukufundisha hiyo?"

Nekoye alifungua mlango, akajilaza chali juu ya viti viwili, kichwa chini ya usukani na miguu ikining'inia nje. Gari lilikuwa dogo mno kwa kazi hiyo. Obonyo alisema kitu kwa Dholuo kuhusu miguu ile, Mzee Ooko akacheka mpaka chai ikamwagika sahanini. Khaemba, aliyekielewa, alitazama chini.

Nyuma ya saa ya kupimia mwendo vidole vya Nekoye viligusa kitu kilichofungwa tepu kama kidole chenye kidonda. Alikivuta taratibu mpaka waya wake ukamruhusu. Chini ya tepu palikuwa na pete ya plastiki, na ndani ya pete, kijiwe cheusi kinachokaribia ukubwa wa punje ya mchele.

Hili Khaemba alikuwa amemchorea juzi nyuma ya bahasha. Magari ya siku hizi hayaridhiki na meno ya ufunguo. Ndani ya kichwa cha ufunguo huwamo kijiwe, na kompyuta isipokisikia kijiwe chake huinyima injini moto, unaweza kuzungusha mpaka betri ife. Kwa hiyo fundi anayehamisha injini huhamisha na kompyuta, na pete inayosikiliza, na kijiwe. Hupasua kichwa cha ufunguo, hukitoa kijiwe, hukifunga ndani ya pete kwa tepu na kuvificha chini ya dashibodi. Kuanzia hapo hata ufunguo wa mwaka 1966 utawasha.

"Injini inadhani mwenyewe amekuja," alisema Nekoye kutoka chini ya usukani.

Hakuna aliyecheka sasa. Obonyo alisema hiyo ni njia ya kila fundi, kutoka hapa mpaka Kampala, na kwamba ufunguo ule ulikuwa ndani ya sanduku pamoja na vitu vingine. Alisema maneno mengi zaidi ya aliyoulizwa.

"Gari jipya hutoka na funguo ngapi?"

"Mbili."

"Na kompyuta inazikubali zote mbili?"

"Inajua hizo mbili tu."

"Wa pili uko wapi?"

"Uliza Mjapani."

Nekoye alijitoa kwenye gari, akakung'uta sketi, akatoka juani kupiga simu.

Jana yake alikuwa amemkuta Khadijah kwenye meza yake ya mitumba ya watoto hapo Kibuye, binti yake Rukia, wa miezi kumi, amembeba mgongoni. Mama wa meza ya pili alipomwona afande aliuliza, kwa sauti ya kuwafikia wauza viatu, kama Bakari ameshaipata ile petroli aliyokwenda kutafuta. Wanawake wanne wakacheka bila hata kuinua macho. Ulikuwa utani wa miezi minane. Khadijah naye alicheka kidogo, ili yaishe. Halafu akavuta uzi kutoka ndani ya buibui lake, akamwonyesha Nekoye ufunguo wa akiba wa Rush. Hakuuvua hata akioga. Bakari akirudi, alisema, huenda wake ameupoteza huko aliko, na yule hapendi kungojeshwa.

Alisema pia, katikati ya kukunja suruali ndogo za shule, kwamba Usama alikuwa amemsihi mara tatu ampe ufunguo ule akautupe ziwani. Shemeji yule, Mungu ambariki, ndiye anayeleta maziwa ya mtoto kila Ijumaa. Alimwambia akiendelea kuulalia atarukwa na akili. Mara ya tatu nusura ampe.

Sasa kwenye simu Nekoye alimwambia aje Milimani upesi, aje na ufunguo shingoni mwake, na asimpe mtu yeyote, hata mtu anayempenda. Khadijah aliuliza kama Bakari amepatikana. Nekoye alimjibu kwamba bado hajui.

Walifika saa tano na nusu kwa tuktuk. Khadijah aliomba radhi kwa kuchelewa. Usama alitaka ufunguo aulete yeye, Khadijah asihangaike na mtoto juani, wakabishana kidogo, na mwisho akakubali kumsindikiza. Usama alikuwa kijana wa miaka ishirini na mitano hivi, shati limepigwa pasi, sauti ya chini, mtoto mikononi. Mtoto alikuwa amemshika sikio na kulivuta, naye akimwacha.

Aliwasalimia wote kwa mkono. Alianza na Mzee Ooko kwa kuinama, akaja kwa Nekoye, akamalizia kwa Khaemba. Obonyo alikuwa amesimama katikati ya Nekoye na Khaemba. Mkono wa Usama ulimpita kama mtu anavyopita nguzo ya stima. Na Obonyo, aliyekuwa na neno kwa kila mtu tangu asubuhi, akainama kufunga kamba za kiatu.

Nekoye alimpanga kila mtu mahali pake. Khaemba alikaa na daftari mbele ya gari, Obonyo pembeni yake, Mzee Ooko mlangoni kama shahidi, kwa sababu gari ni lake. Usama alibaki karibu na ukuta na mtoto. Ilikuwa saa sita kasoro dakika ishirini.

Alieleza kwamba watajaribu kuliwasha gari mara tatu. Alikitoa kijiwe kwenye pete, akakitia kwenye bahasha, Khaemba akaipeleka bahasha hadi kwenye lango, akaiacha huko, akarudi. Kisha Nekoye akazungusha ufunguo wa Mzee Ooko. Injini ilizunguka, ikahema, haikushika. Alingoja, akarudia. Haikushika.

Mara ya pili alitumia ufunguo wa Rush nyingine, ya mwalimu mmoja wa Migosi, ambao Khaemba alikuwa ameuazima asubuhi. Alikigusisha kichwa cha ufunguo huo kwenye pete, akazungusha swichi. Ikahema, ikanyamaza. Mzee Ooko alisema wanamuulia betri. Khaemba aliandika saa.

"Sasa wako, Mama Rukia."

Khadijah aliuliza kama hataharibu kitu. Aliambiwa hapana. Akauvua uzi shingoni, na ulikuwa umemwacha na alama.

Obonyo alikohoa. Alisema madam, ingekuwa vizuri injini ipumzike kwanza, imenyweshwa petroli sana, ikilazimishwa itaungua.

"Itaunguaje, Profesa? Ufunguo ni wa mtu wa Kibuye, na injini yako ni ya ng'ambo. Haziwezi kujuana."

Obonyo alirudi nyuma hatua moja.

Khadijah aliketi kwenye kiti cha dereva, magoti yakigusa usukani. Nekoye alimwonyesha. Kwa mkono wa kushoto akaubana ufunguo wa mumewe kwenye pete, kwa wa kulia akazungusha ule wa zamani.

Iliwaka hata hajamaliza kuzungusha.

Ilikuwa sauti nyembamba, ya kutulia, isiyofanana hata kidogo na gari lile. Khadijah alicheka. Alicheka kwa sauti, kicheko ambacho Nekoye hakuwahi kukisikia kwake katika miezi minane, akageuka na uso wote kumtafuta mtu wa kumwambia.

"Shemeji, ni yake. Umesikia? Imenijua."

Usama alikuwa akimtazama mtoto.

"Afande, ni yake," alisema Khadijah. "Sasa yeye yuko wapi?"

Wa kwanza kusema alikuwa Mzee Ooko. Aliuliza kama wamemaliza, kwa sababu lori ni la saa moja asubuhi na bado gari halijapigwa polishi, na kama kuna karatasi ya kutia sahihi wailete sasa. Hakuna aliyemgeukia.

Nekoye alimsogelea Obonyo mpaka akalazimika kuinua kidevu. Aliyasema yote pale pale, bila kupandisha sauti. Injini hii haikuja na sanduku lolote. Karatasi za Mombasa ni za injini nyingine, na nambari yake imegongwa juu ya nambari ya Bakari na mtu mwenye mkono mzuri. Kompyuta ya mtu aliyepotea, kijiwe cha ufunguo wake, na nyaya za traka yake vimepita mikononi mwa fundi mmoja, ambaye saa mbili zilizopita ametia sahihi uongo na kuupigia mstari mara mbili.

"Kwenye daftari hili mpaka sasa kuna jina moja tu, Bwana Obonyo. Ni lako. Mimi naweza kulifunga hivi hivi nikaenda kula."

Obonyo alimtazama Mzee Ooko. Mzee Ooko alikuwa anatazama gari.

"Mimi niliagiza injini," alisema Obonyo. Sauti ilikuwa imemwishia ule uprofesa. "Hivyo tu. Mzee alitaka moja inalala kwa urefu, ndogo. Nikawaambia vijana pale Kibuye, mwenye ataona ya Rush anijulishe. Wiki haikuisha ikaletwa kwa pikapu, bado ina joto. Na ufunguo mmoja. Nikamwambia aliyeleta, funguo huwa mbili, lete na hiyo ingine, ikibaki huko nje siku moja itatuumbua." Alijifuta mikono kwenye suruali. "Akaniambia nisijali. Ya pili iko kwa shemeji yake, ataitoa kwake polepole."

Injini iliendelea kunguruma. Khadijah alikuwa bado ameubana ufunguo kwenye pete, kwa nguvu, kidole kimegeuka cheupe. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba ikishawaka haimhitaji tena.

Khaemba alikwenda kusimama langoni. Nekoye alivuka gereji kwa hatua nne, akanyoosha mikono yote miwili.

"Nipe mtoto."

Usama alimkumbatia zaidi. Kwa muda kidogo ilionekana kama hatamwachia, na mtoto akaanza kulalamika. Halafu akambusu kichwani, akamtoa. Nekoye alimpokea, akamlaza begani, akamwambia Usama ageuke aweke mikono nyuma. Khaemba akaja na pingu.

Usama alizungumza bila kuulizwa, akiuelekea ukuta, kwa sauti ile ile ya chini ya kila Ijumaa. Alisema hakuwa na ubaya na kaka yake. Alimwomba kwanza, vizuri, auze injini anunue nyingine, faida wagawane. Bakari akamjibu kwamba ile ndiyo uji wa Rukia. Basi akampigia kwa laini nyingine, akajifanya abiria. Bakari alipofika Ahero na kumkuta ni yeye, alicheka, akamfungulia mlango. Alisema kilichobaki cha gari kilikatwakatwa kikauzwa kwa kilo. Kaka yake yuko kwenye mfereji wa tatu ukitoka barabarani, ule wa zege, chini ya lango la maji. Alisema gari lenyewe yeye hakulitaka. Alitaka injini tu.

Mzee Ooko aliuliza, sasa yeye atangoja gari lake mpaka lini. Khaemba alimwambia akae chini, na ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kijana yule kumwamuru mtu mzima.

Nekoye alimgeukia Khadijah. Alikuwa ameandaa maneno, yale wanayofundishwa kusema, na alianza kuyasema, lakini Khadijah hakumtazama. Alikuwa akiutazama mgongo wa shemeji yake, shati lililopigwa pasi. Ile pasi ilikuwa yake. Alikuwa akimpigia nguo pasi kila Ijumaa, kwa shukrani ya maziwa.

Hakuuliza kwa nini. Wala hakuuliza mfereji gani.

"Alikuwa amefuturu?"

Usama aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa ukuta.

"Bado," alisema. "Ilikuwa haijaadhiniwa."

Khadijah aliuondoa ufunguo kwenye pete. Injini haikuzima.